Bei ya Subira

Kila anayefundisha ufugaji wa samaki huanza na subira. Afisa wa kaunti akisimama mbele ya kikundi cha akina mama, mtangazaji wa redio akimhoji mfugaji aliyefanikiwa, muuzaji wa vifaranga akimhesabia mteja samaki ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni, wote wana neno hilo mdomoni. Samaki anataka subira, husema. Miezi sita, pengine minane, pengine kumi kule kwenye baridi, na kidimbwi kitakulipa. Wasikilizaji huitikia kwa kichwa, maana nani kati yetu hakulelewa akiambiwa kwamba subira huvuta heri? Halafu mwaka mmoja au miwili baadaye unapita katika mabonde ya Vihiga, Kakamega au Kisii, unayaona mashimo ya mstatili yaliyoota matete, mengine yamepandwa nduma kutoka ukingo hadi ukingo, na uliye naye garini anatoa hukumu bila kuulizwa: watu wetu hawana subira.

Nimeisikia hukumu hiyo kwa watu wema, wasomi na wacha Mungu, wanaoipenda nchi yao. Ila kadiri ninavyoufahamu mchezo wa vidimbwi, ndivyo ninavyoiona hukumu hiyo kuwa nyepesi mno. Tumezoea kuisifu subira kana kwamba haigharimu kitu, kana kwamba mtu mwenye subira ni yule anayekaa tu kivulini akingoja. Subira ya kidimbwi haingojwi hivyo. Inalishwa, asubuhi na jioni, na chakula chake hununuliwa kwa fedha taslimu.

Turudi nyuma kidogo. Mwezi Juni 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alisoma bajeti iliyobeba mpango wa kufufua uchumi. Nchi ilikuwa ingali inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na mtikisiko wa fedha duniani ulikuwa umeifikia. Katika mpango huo samaki walipewa nafasi ambayo hawakuwahi kupewa: vidimbwi 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140. Awamu iliyofuata ilipandisha hesabu hadi vidimbwi 300 katika maeneo bunge 160, na ukizidisha unapata 48,000. Vijana wa vijijini walishika majembe wakachimba kwa ujira. Kidimbwi cha kawaida kilikuwa cha mita 300 za mraba, na mwenyewe alipewa vifaranga 1,000 pamoja na chakula cha kuanzia.

Mavuno ya samaki wa kufugwa yalipaa. Kutoka tani 4,900 hivi mwaka 2009 yalivuka tani 24,000 mwaka 2014. Kisha yakaporomoka, na kufikia 2017 yalikuwa karibu tani 12,000, nusu ya kilele chake. Fedha za mpango zilikuwa zimekwisha. Huduma za ugani zilikuwa zimehamia kwenye kaunti tangu 2013, nazo kaunti zilikuwa changa na zilikuwa na mengi ya kushughulikia kabla ya kuwakumbuka samaki. Viwanda vidogo vya kusindika samaki vilivyojengwa Nyeri, Meru, Kakamega na Rongo vilihangaika kupata samaki wa kusindika.

Wazee wa Magharibi na Nyanza hawakushangaa sana. Katika miaka ya 1960 serikali changa ya uhuru iliendesha kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki zaidi, na vidimbwi vikachimbwa kwa maelfu katika mikoa hiyohiyo. Muongo mmoja baadaye vingi vilikuwa vimefukiwa na tope. Sababu zilizotajwa wakati ule hazikutofautiana na za juzi: vifaranga hafifu, ukosefu wa mafunzo, maafisa waliopotea baada ya uzinduzi. Na utaalamu haukuwa mgeni nchini, kwa kuwa kituo cha Sagana kilikuwa kikizalisha samaki tangu 1948. Jambo likianguka mara mbili mahali pamoja, kwa vizazi viwili tofauti, je, bado ni haki kutafuta sababu katika tabia za watu?

Hebu tupige hesabu, kwa sababu mwenye kidimbwi aliyekiacha aliipiga kabla yetu. Tuchukue kidimbwi kile cha mita 300 za mraba na vifaranga 1,000 kwa shilingi 10 kila mmoja. Tuseme 800 wanafika mavunoni, jambo ambalo si baya hata kidogo ukifikiria kenge, fisi-maji, mnandi na mikono ya usiku. Kila mmoja awe na gramu 300 baada ya miezi minane. Hizo ni kilo 240. Chakula kizuri cha dukani kikitumiwa vizuri, kila kilo ya samaki imekula kilo moja na nusu au zaidi, basi tuweke kilo 400 za chakula, kwa shilingi 130 kilo. Chakula ni 52,000, vifaranga ni 10,000. Samaki wakiuzwa ukingoni kwa shilingi 400 kilo, mapato ni 96,000. Zinabaki 34,000. Gawa kwa miezi minane upate shilingi 4,250 kwa mwezi, na bado hujalipia chokaa, samadi, kukodi wavu, mlinzi, wala siku ambayo mvua ilibomoa ukingo.

Faida ipo, basi. Asiyesema hivyo anadanganya, na anayesema ni kubwa naye anadanganya. Lakini hesabu ya jumla inaficha kile kinachomvunja mtu moyo, nacho ni mpangilio wa matumizi yenyewe. Vifaranga wa miezi miwili ya kwanza wanakula kidogo sana, na mfugaji anajiona tajiri. Samaki 800 wa gramu 300 wana jumla ya kilo 240, na ukiwalisha asilimia 2 tu ya uzito wao unahitaji karibu kilo 5 kila siku. Hizo ni shilingi 600 na zaidi, kila siku, kwa wiki kadhaa mfululizo, kabla ya senti ya kwanza kurudi. Ni familia gani ya kijijini yenye shilingi 600 za ziada kila siku? Na katika wiki hizohizo shule zinafunguliwa, mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, nyanya anaugua. Mfugaji hafanyi uamuzi wa kuacha. Anapunguza tu. Leo anachanganya chakula na pumba za mahindi, wiki ijayo ni pumba tupu, mwezi ujao ni mabaki ya ugali na majani ya kabichi. Samaki hawafi, na hilo ndilo baya lake, kwa sababu wangekufa angejua. Wanaacha tu kukua, huku yeye akiendelea kungoja.

Mama mmoja karibu na soko la Luanda, kaunti ya Vihiga, ana vidimbwi viwili vya enzi ya mpango ule. Kimoja kina maji, cha pili amekipanda nduma. Nilimuuliza, kwa adabu niliyoweza kuikusanya, kwa nini hakukirudishia samaki hicho cha pili. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini jua linawaka. “Nduma hazili, mwanangu,” alisema, akaendelea kung’oa magugu.

Sentensi hiyo ina hesabu nzima niliyoihangaikia hapo juu. Nduma ina bei yake sokoni, huliwa asubuhi kwa chai, inapenda palepale penye tope, haiibwi kirahisi kwa sababu kuing’oa ni kazi, na ukikosa fedha mwezi huu itakusubiri ardhini bila kudai. Ukiangalia kwa makini, shimo la nduma ambalo wapita njia wanaliona kama ushahidi wa uzembe ni uamuzi wa mtu aliyepima mtaji wake, akaona hautoshi, akageuza gharama ya kuchimba kuwa shamba la maji. Wangapi kati yetu tulioajiriwa mjini tunajua kuondoka kwenye biashara inayotutafuna kwa wepesi huo?

Hata hivyo sitaki kumfanya mkulima malaika. Kidimbwi kina maadili yake, na yapo yanayomshinda mtu kwa kosa lake mwenyewe. Kubwa zaidi ni hili la kuchunga mali isiyoonekana. Ng’ombe akikonda mbavu zinakushtaki mbele ya majirani, na mahindi yakipungukiwa mbolea yanageuka manjano kando ya barabara kila mtu aone. Samaki amejificha. Ukiruka mlo wa jioni, maji yanabaki kijani na tulivu vilevile. Hakuna anayejua isipokuwa wewe, na baada ya siku chache hata wewe umesahau. Wazee walituambia mkono mtupu haulambwi, lakini samaki hawezi hata kukuonyesha kwamba ameulamba mkono akaukuta mtupu.

Ndiyo maana wafugaji wazuri niliowaona wana tabia moja inayofanana, nayo ni kutazama. Yule mama wa Luanda hamwagi chakula akaenda zake. Huchuchumaa pembeni, kona ileile kila siku, saa nne asubuhi jua likiwa limeanza kupasha maji joto, akarusha gao moja la chembe zinazoelea na kunyamaza. Uso wa maji unatetemeka, kisha midomo inaanza kutokea, mviringo juu ya mviringo, sauti kama ya watu wanaobusu. Anatazama wangapi wamekuja na kwa kasi gani. Akirusha gao la tatu na chembe zikabaki zinaelea, anafunga mfuko. Hiyo ndiyo saa pekee katika siku nzima anayowaona mifugo wake, na haiachi impite.

Halafu hukunja mkono wa blauzi na kuuzamisha mkono majini, kiganja kikiwa kimenyooka. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi ni nzuri, samadi inatosha. Vikiendelea kuonekana baada ya kiwiko, maji yana njaa. Vikipotea mapema, karibu na kifundo, ameyashibisha kupita kiasi na itambidi aingize maji mapya. Kipimo hiki kinafundishwa katika kila semina na hakihitaji shilingi. Ajabu ni kwamba wengi waliofundishwa hawakitumii. Hapo ndipo ninapokubaliana nusu na yule wa garini: si kila kilichokufa kiliuawa na bei ya chakula.

Kutazama nako kunaweza kumdanganya asiyejua anachokitazama. Alfajiri, hasa baada ya usiku wa mawingu, samaki huweza kujaa juu ya maji wakifungua na kufunga midomo. Mgeni hufurahi, akadhani wamekuja kumlaki, akawaongezea chakula. Kumbe wanatafuta hewa. Mimea midogo inayoyafanya maji kuwa ya kijani hutoa oksijeni mchana jua linapowaka, lakini usiku huitumia kama viumbe wengine, na maji yaliyorutubishwa kupita kiasi hufika asubuhi yakiwa yameishiwa. Chakula kinachooza kinazidisha shida. Mtu anaweza kuua kidimbwi kizima kwa upendo wa namna hiyo, na nadhani si wafugaji wa samaki peke yao wanaojua habari za upendo usiouliza.

Lipo pia suala la uaminifu wa mtu mwingine, ambaye mfugaji huenda hatamwona tena. Tilapia huanza kuzaa mapema mno, akiwa na miezi mitatu hivi na bado mdogo. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa muda wa wiki mbili hivi, na kwa muda huo hali kitu cha maana. Kidimbwi chenye madume na majike hujaa watoto wanaogombania chakula na wazazi wao, na mwisho wa miezi minane unavua samaki wengi sana wasiozidi kiganja. Kwa sababu hiyo vituo vya kuzalishia huwalisha vifaranga, tangu siku zao za kwanza na kwa wiki tatu au nne, chakula chenye homoni ili karibu wote wawe madume. Kazi hiyo inataka umakini na gharama. Sasa mnunuzi anapopokea mfuko wa vifaranga wa urefu wa kidole, hana macho yanayoweza kutofautisha dume na jike. Ananunua neno la muuzaji. Likiwa neno la uongo atalijua baada ya miezi minne, atakapoona maji ya pembezoni yamejaa vijisamaki kama sindano, na kufikia hapo atakuwa amekwisha kutumia magunia ya chakula.

Tunapozungumzia changamoto za ufugaji huu huwa tunataja mtaji, maji, chakula na soko. Ni nadra kusikia uongo ukitajwa. Lakini muuzaji wa vifaranga mchanganyiko kwa jina la madume matupu amemwibia mtu miezi minane ya maisha yake, na amemwibia kwa namna ambayo mwathiriwa mwenyewe atajilaumu kwanza. Atasema hakulisha vizuri. Majirani watasema hakuwa na subira.

Siku ya kuvua ndiyo siku pekee ambayo kidimbwi kinatoa siri zake, na kinazitoa hadharani. Maji yanapunguzwa tangu usiku. Kufikia asubuhi vijana wanne wamo kwenye tope hadi magotini, wawili kila upande wa wavu wa kukokota, na watoto wamesimama ukingoni wakipiga kelele kila mgongo wa samaki unapokata maji. Mizani inaning’inia kwenye tawi la mparachichi. Akina mama wa kukaanga samaki wamefika na makarai, wakijadili bei kabla hata wavu haujafunga. Yupo shemeji ambaye hajaonekana tangu Krismasi. Yupo jirani aliyeazimisha jembe wakati wa kuchimba, na leo anakumbusha kwa utani. Yupo mwalimu wa shule ya msingi atakayelipa mwisho wa mwezi, na mzee wa kanisa ambaye hakuomba kitu ila amesimama tu mahali anapoonekana. Kabla ya saa tano, samaki wasiopungua 30 wameondoka bila kupita kwenye mizani.

Mtaalamu wa biashara ataiita hiyo hasara, na kwenye daftari ni hasara kweli. Kilo nane au tisa, shilingi 3,000 na zaidi, ni karibu sehemu moja ya kumi ya faida tuliyoihesabu. Semina nyingi humfundisha mfugaji kukataa. Mimi sina uhakika kama anayefundisha hivyo amewahi kuishi mahali ambapo kidimbwi kiko bondeni, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, na kati ya nyumba na kidimbwi kuna boma za watu wengine watatu. Anayesikia maji yakichezewa saa nane usiku si mwenyewe, ni jirani. Akinyamaza umekwisha, na kama mtoto wake alikula samaki msimu uliopita hatanyamaza kwa wepesi. Kwa hiyo ni zawadi, au ni mshahara wa mlinzi ambaye hakuandikiwa mkataba? Nakiri pia kwamba wapo wanaotoa kwa kuwa tu hawana uwezo wa kusema hapana, hasa wanawake wenye vidimbwi kwenye ardhi ambayo hati yake ina jina la mwingine. Kwao ukarimu na hofu vimefumwa pamoja kiasi kwamba hata wenyewe hawawezi kuvitenganisha.

Tena samaki hao 30 wameliwa. Hilo husahaulika haraka ajabu tunapozungumzia faida. Katika kaunti ambako shamba la wastani halitoshi kulisha waliomo, mtoto aliyepata kipande cha samaki na ugali amepata kitu kisichokuwa na safu kwenye daftari.

Na tukiwa kwenye hesabu ya nani anakula nini, kuna jambo linalonikera tangu nilipolifahamu. Chakula bora cha samaki kinahitaji protini, na protini iliyo karibu ni omena wa Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa sasa husagwa kuwa chakula cha kuku, nguruwe na samaki. Omena ni kitoweo cha wanyonge, hupimwa kwa kikombe sokoni, na mama mwenye shilingi chache anaweza kulisha watoto watano. Tunamsaga samaki anayeliwa na maskini ili kumkuza samaki atakayenunuliwa na mwenye nacho, kisha tunaandika kwamba tumeongeza uzalishaji. Wapo wanaojaribu mabuu ya inzi, soya na mashudu ya alizeti badala yake, na nawatakia heri. Mpaka watakapofaulu kwa bei ambayo mama wa Luanda anaimudu, sisi tunaosifu kilimo cha kisasa tungepunguza majivuno.

Mnunuzi wa mjini naye ana sehemu yake. Kwa miaka kadhaa tilapia waliogandishwa kutoka China wamejaa katika masoko ya Nairobi, wakubwa, wa saizi moja, kwa bei ambayo mwenye kidimbwi kimoja hawezi kuikaribia. Mwaka 2018 Rais alizungumza hadharani kupinga uagizaji huo. Rais huyo alikuwa Uhuru Kenyatta, yuleyule aliyesoma bajeti ya vidimbwi miaka tisa kabla. Silitaji hilo kwa kumsuta. Linaonyesha tu jinsi nchi inavyoweza kumchimbia mtu kidimbwi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ikawaacha wengine wamuuzie mteja wake. Wakati huohuo wengi wetu tulinunua samaki wa bei nafuu bila kuuliza, tukala, kisha tukakaa barazani kulaumu mkulima asiyejua kuvumilia.

Sasa tuwaangalie waliobaki, wale ambao magazeti huwapiga picha wakiwa wameshika kambare mkubwa kwa mikono miwili. Habari zao huandikwa kwa mtindo mmoja: alianza na kidimbwi kimoja, watu walimcheka, hakukata tamaa, leo ana vidimbwi kumi na gari. Sizikatai, wengi wao ni wachapakazi hasa. Lakini soma kwa utulivu aya ya tano au ya sita, mahali ambapo mhariri amekwisha kuchoka, na mara nyingi utakuta sentensi fupi inayosema kwamba bwana huyu ni mwalimu, au ni mhandisi mstaafu, au mkewe ana duka la dawa mjini. Zile shilingi 600 za kila siku zilitoka mahali. Subira yake ilikuwa na mdhamini. Hakuna aibu yoyote katika hilo, na aliyesomesha kidimbwi kwa pensheni yake anastahili heshima. Tatizo ni sisi tunaoifuta sentensi hiyo tunapowasimulia wengine, tukawaachia tabia njema peke yake kama mtaji, na tukashangaa inapowaishia mwezi wa sita.

Nilirudi kwenye jambo hili la subira nilipomkuta yule mama akivua mapema, samaki wakiwa na gramu 150 tu, wengine chini ya hapo. Afisa aliyekuwa amepita wiki iliyotangulia alimwambia asubiri miezi mitatu zaidi, wafike uzito unaotakiwa na hoteli. Mama alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha chai, na afisa alipoondoka akawapigia simu akina mama wa kukaanga. Maelezo yake yalikuwa haya: hoteli ziko Kisumu, na nauli ya kufika huko ni yake. Anayekaanga samaki njia panda anauzia mwanafunzi, mwendesha boda boda na fundi wa ujenzi, na hao wanataka samaki mzima kwenye sahani kwa bei ya samaki mmoja mdogo. Nusu ya samaki mkubwa hawaitaki, inaonekana kama makombo. Tena samaki mdogo, alisema, anakula kidogo na kukua upesi, lakini akikua anakula sana na kukua polepole, kwa hiyo miezi mitatu ya mwisho ndiyo inayomfilisi. Mwili wa samaki unamuunga mkono: kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji chakula kingi zaidi kwa kila gramu anayoongeza.

Nilimuuliza kama haogopi kuambiwa hana subira. Alicheka, akamwita mjukuu wake amletee ndoo nyingine. Aliyoyasema baadaye aliyasema akipanga samaki kwenye karai, bila kunitazama. Mvua za Machi zikishika ataagiza vifaranga tena kutoka kituo kile ambacho hakijamdanganya, ingawa ni mbali na bei yake imepanda. Ataagiza 600. Kidimbwi kinabeba 1,000, anajua, hata kwenye karatasi za mpango ule imeandikwa hivyo. Lakini amekaa na mwanawe anayefanya kazi ya ulinzi Eldoret, wakahesabu anachoweza kutuma kila mwezi bila kuwanyima wanawe, na kwa fedha hizo samaki watakaoshiba mpaka siku ya wavu ni 600.